Bendi Saba za Kutubia

Isidore Alimasi aliwekwa chini ya nidhamu akiwa na miaka ishirini. Sasa ana arobaini na minane, mvi zimepanda hadi kwenye masharubu, na kila Jumapili bado anakaa benchi ya nyuma.

Kwa asiyejua makanisa ya kwetu huku Baraka, Kongo, aelezwe mapema asije akatusumbua katikati. Nidhamu si kufukuzwa. Unaingia ibadani, unaimba na watu, sadaka unatoa (hiyo hatujawahi kuona mtu amekatazwa), ila meza ya Bwana hugusi, kwenye kwaya husimami, na nafasi yako ni benchi ya mwisho kabisa, pamoja na wasichana waliozalia nyumbani na wanaume walioongeza mke wa pili kimyakimya. Hao wengine ni wapita njia. Wanakaa miezi yao, wanatubu, wanahamia mbele. Isidore ndiye aliyekuwa mwenyeji. Kila mgeni wa benchi ile alisogezewa nafasi na kuonyeshwa mahali paa linapovuja.

Kosa lake lilikuwa gita. Mwaka wa tisini na sita, mpiga gita wa kwaya, kijana mwenye vidole ambavyo hata wazee walivisifu kwa kunong'ona, alionekana Jumamosi jioni kwenye baa moja akipigia bendi ya watu wa dunia. Mchungaji wa wakati ule, Baba Henri, akampeleka benchi ya nyuma siku iliyofuata. Muda si muda vita ikaja, kanisa zima likavuka ziwa kwenda kambi za Tanzania, na Isidore akavuka na nidhamu yake. Huko hakuacha gita. Akarudi, hakuacha gita. Mtu ameshaitwa mwizi wa kuku, kwa nini asinywe mchuzi?

Akazoea. Binadamu huzoea hata kiatu kinachobana. Lakini mwaka huu Fanny, binti yake wa pekee, akachumbiwa na Darius, mwalimu wa Mboko. Mahari ikapokelewa, Jumamosi ya ndoa ikapangwa, na hapo ndipo lile benchi lilipoanza kumchoma.

Mchungaji wa sasa anaitwa Wilfried, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye diploma ya Bukavu na mapenzi makubwa ya taratibu. Huyo hata akikuuliza habari za watoto, ungedhani ana kifungu kinachomruhusu. Alimwita Isidore ofisini, akampa kiti, akamwambia kwa heshima zote:

"Baba Fanny, muntu mwenye kuwa chini ya nidhamu haingizake bibi arusi mu kanisa. Si mi nilitunga ile sheria. Baba mudogo ya Fanny atamuingiza."

"Ule wa Uvira?"

"Ule."

"Ule hajanunuliaka Fanny hata kaye moja ya kuandikia masomo."

"Basi utubu," akasema Wilfried. "Jumapili, mbele ya kanisa. Lakini hapana kusema tu 'nilikosea', halafu unakaa. Kosa moja moja, kwa jina yake. Orkestra zote zenye ulipigia. Kanisa likikusamehe, Jumamosi unashika mukono ya mutoto yako."

Isidore alirudi nyumbani, akamkuta Fanny uani anatwanga sombe, majani ya mihogo ya mchana. Akamweleza. Fanny akaacha mchi ndani ya kinu.

"Papa, mi sitaingia na baba mudogo. Kama si weye, nitaingia mi peke yangu, batu bacheke vile banataka."

Alisema kwa utulivu, na Isidore akaona kwamba huyu mtoto hatanii. Akaogopa. Tangu Fanny akiwa na miaka sita alikuwa akiota kumtoa mlangoni hadi mbele, hatua ishirini na tano, alishazihesabu mara nyingi akiwa kule nyuma hana la kufanya wakati wengine wanakula meza ya Bwana. Hakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani wiki ile. Mficha uchi hazai, akajiambia, akatafuta karatasi.

Aliandika bendi sita. Mke wake Clarisse, aliyekuwa anachambua ndagala za kupeleka sokoni, akachungulia begani kwake.

"Umesahau ile ya Fizi kule juu mulimani."

"Ile tulipiga mara mbili tu."

"Andika," akasema Clarisse.

Jumapili kanisa lilijaa. Habari zilikuwa zimeshatembea kwamba Isidore anatubu bendi zake zote, na watu walioonekana mara ya mwisho Noeli wakakumbuka ghafla kwamba wao pia ni Wakristo. Mama Dorothée, kiongozi wa akina mama, alifika saa moja kabla ya ibada ili apate kiti cha mbele. Fanny alikaa mstari wa tatu, mikono katikati ya magoti.

Isidore akasimama mbele na karatasi yake. Amevaa suti ya harusi yake mwenyewe, ambayo haikumpenda tena tumboni.

"Ya kwanza," akasema, "inaitwa Mwanga wa Ziwa. Nilipiga siku moja, juu mupiga solo wao alikuwa na malaria."

"Unatubu?" akauliza Wilfried.

"Natubu."

"Endelea."

"Ya pili, Bana Fizi, kule kambini. Gita ilikuwa ya bati la mafuta ya musaada, nyuzi ni waya za breki ya kinga."

Hapo wazee kadhaa wakatabasamu, maana baiskeli zilizokosa breki kambini mwaka ule zilikuwa zao. Isidore akaendelea. Bana Fizi ikagawanyika, kama bendi zote za Kongo zinavyogawanyika, Mungu mwenyewe anajua kwa nini. Upande mmoja ukabaki Bana Fizi, mwingine ukajiita Bana Fizi Yenyewe. Bana Fizi wakabaki na ngoma, Yenyewe wakabaki na magita, na hakuna kati yao aliyeweza kuchezesha hata mbuzi. Kwa hiyo Isidore alipigia wote wawili, akibeba gita ndani ya gunia kutoka mtaa hadi mtaa ili wasijuane.

"Zile ni mbili," akasema Wilfried. "Tubu mara mbili."

"Natubu. Natubu."

Kiongozi wa kwaya akakohoa. Harusi yake ilichezwa na Bana Fizi Yenyewe, na siku ile alicheza mpaka soli ya kiatu ikang'oka. Wenzake wa kambini walikuwa wanaikumbuka vizuri, na mmoja akamgeukia kabisa kumwangalia.

Ya nne ilikuwa Mutambala Musika, hapa hapa Baraka, baada ya kurudi. Hiyo iliishi miezi minane. Ilikufa siku mwenye ampli ya magita alipoibadilisha na mota ya mtumbwi, akaenda kuvua. Bendi nzima ilimfuata hadi ufukweni kumsihi, naye akawasha ile mota, akaisifu sauti yake, akaondoka. Isidore alilia siku ile, lakini la kuvunda halina ubani. Hayo hakuyasema kanisani. Alisema tu, "Natubu," haraka, akageuza karatasi.

Ya tano ni ile ya Fizi mlimani, ambayo mpiga ngoma wake alikuwa polisi. Walipiga mara mbili, polisi akahamishiwa Kalemie, akaenda na vijiti vyake. Ya sita ni Wazazi Musika ya Lweba, wavuvi na walimu watano, watu wazima wenye akili, waliogombana miezi miwili juu ya nani akae katikati kwenye picha. Picha yenyewe haikupigwa hadi leo. Watu wakacheka, hata Wilfried akashusha uso kwenye daftari lake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini Isidore alikuwa amevunja koleo nyingi mno, na sasa zilipokuwa zinasomwa kwa mstari, hata yeye alijiona kama mtu aliyepanda pikipiki saba bila kufika popote.

"Ya saba na ya mwisho," akasema. "Amahoro, kule Lusenda, pamoja na bakimbizi ya Burundi."

"Unatubu?"

Isidore akakunja karatasi.

Lusenda alipelekwa na Sixte, mkulima wa Burundi aliyekuwa anapiga ngoma kama anayepalilia, bila haraka na bila kuruka mstari. Walifanya mazoezi alasiri, kando ya bomba la maji. Kulikuwa na mama mmoja, Capitoline, ambaye tangu afike kambini hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya salamu. Alikuja kila siku kuchota maji, akasimama akiwasikiliza na bidoni kichwani, akaenda zake. Siku moja, katikati ya sebene, mabega yake yakaanza kusogea. Halafu kiuno. Alicheza wimbo mzima na bidoni la lita ishirini kichwani bila kumwaga tone, na wanawake wa foleni nzima wakacheza nyuma yake. Isidore alikuwa hajawahi kupiga vizuri kama siku ile. Angeulizwa, angerudi kesho.

Akamtazama Fanny, mstari wa tatu. 

"Natubu," akasema Isidore.

Ilikuwa uongo. Uongo wa mchana kweupe, kanisani, katikati ya toba. Masikio yakamchoma.

Sasa, kwetu mtu hasamehewi na mchungaji peke yake. Kanisa linaulizwa, mikono inainuliwa, na mkono mmoja ukibaki chini, shauri linalala hadi wiki nyingine. Wilfried akafunga daftari.

"Mwenye anamusamehe ndugu Isidore, ainue mukono."

Mikono ikapanda kama mihogo ya mwaka mzuri. Mama Dorothée aliinua yote miwili. Wilfried akapitisha macho mstari kwa mstari, akaridhika, akafungua mdomo, halafu akaufunga. Kwenye kile kiti chenye mto kinachowekwa mbele kwa ajili ya wazee, Baba Henri, mchungaji mstaafu, miaka themanini na moja, alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya fimbo yake.

"Baba Henri," akasema Wilfried polepole, "pengine haukusikia."

"Nilisikia."

"Mukono basi, Baba."

"Haupande."

Isidore akajua amekamatwa. Huyu ndiye aliyemweka nyuma mwaka wa tisini na sita. Nani mwingine angeusikia ule uongo? Akaiona Jumamosi inaondoka. Akamwona ndugu yake wa Uvira, na viatu vyake vyenye ncha, akimshika Fanny mkono. Fanny alikuwa ameinamisha kichwa, na Isidore akajichukia kwa bendi zote saba, kwa kweli safari hii.

Mzee akainuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mi siwezi kumusamehe," akasema. "Muntu hana kesi, utamusamehe nini?"

Hakuna aliyeelewa. Mzee akapumzika kidogo, akaendelea.

"Ile nidhamu ilikuwa ya miezi tatu. Mi mwenyewe niliandika mu kitabu. Kuanzia mwezi wa munane mupaka mwezi wa kumi na moja, basi. Mwezi wa kumi vita ikaingia, tukavuka. Kitabu kikabaki huku, kikaungua na kanisa."

"Kwa hiyo ulisahau, Baba," akasema Wilfried. Alimfungulia mlango mpana kabisa wa kutokea, na kwa adabu.

"Hapana. Kama ningesahau, leo ningeinua mukono sawa na bengine, tukaenda kula." Mzee akatikisa kichwa. "Kule kambini nilisahau, ni kweli. Tulikuwa na njaa, na batu ya kuzika kila wiki. Lakini tuliporudi hapa nilikumbuka. Nikasema Jumapili nitasimama, nitamutoa. Sasa ile Mutambala Musika yao ilikuwa inafanya repetisio, mazoezi yao, nyuma ya kiwanja yangu, saa kumi. Nilikuwa nabeba kiti nyuma ya jiko, Biblia juu ya magoti. Bibi yangu anaambia batu, muache mzee, iko anatayarisha mahubiri. Mi niko nasikiliza gita."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Nikafikiri: nikimutoa, atarudi mu kwaya. Na kwaya yetu tunaijua." Kiongozi wa kwaya akainua macho kuangalia paa. "Batamufunga vidole, na ile kitu itakufa. Nikasema, Jumapili yenye kuya. Halafu ingine yenye kuya. Miaka ikapita, haya ikaniingia. Na ile orkestra zingine zote, hakuna muntu alikuya kumushitaki kwangu, na mi sikuandika hata moja. Huyu alimaliza nidhamu yake tangu tisini na sita."

Mama Dorothée hakuweza kungoja zaidi. "Basi Pasta, Jumamosi ataingiza mutoto yake ao hapana?"

Wilfried alitafuta kifungu, na uso wake ulionyesha kwamba hakukipata. "Ataingiza," akasema. "Hana kesi."

Fanny akafunika uso kwa mikono yote miwili. Shangwe ndogo ikaanza upande wa akina mama, vigelegele vya kujaribu.

"Pasta," akasema Isidore, "kama sina kesi, ile ya Lusenda narudisha. Ile sitatubu hata siku moja."

Hapo kanisa likacheka lote, na Isidore naye akaanza kucheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. Akamgeukia mzee.

"Baba, mama yangu alikufa elfu mbili na kumi na moja."

"Najua. Mi njo nilimuzika."

"Alikufa anajua mi niko muntu wa zambi. Kila siku ya meza ya Bwana alikuwa anageuka kuniangalia kule nyuma. Halafu analia. Kila mara, Baba."

"Nilikuwa namuona," akasema Henri. "Nilikuwa nasimama pale mbele, namuona mama Godelieve analia. Na sikusema." Akaiegemea fimbo yake. "Ile ya gita, mi sitatubu. Ile ya mama yako, natubu, na najua haitoshe."

Hakuna aliyeulizwa ainue mkono.

Isidore alikuwa na hasira, hasira ya kweli, ya kutaka kupiga kiti teke. Miaka ishirini na nane. Neno moja tu, dakika moja ya Jumapili, na mama yake angekufa ametulia. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinamsumbua, na alikionea aibu kwa sababu kilifanana na furaha. Alikuwa amepiga gita maisha yake yote mbele ya watu wanaokunywa, wanaogombana, wanaodai bia. Hakuna redio iliyomrekodi. Hakuna aliyewahi kumuuliza wimbo huu ni wa nani. Mutambala Musika aliizika yeye mwenyewe pale ufukweni, akaamini hakuna sikio lililobaki nayo duniani.

"Nyimbo gani?" akauliza.

"Eh?"

"Ulikuwa unasikiliza nyimbo gani, Baba?"

"Jina yake sijui," akasema mzee. "Ni ile..."

Akaanza kuiguna puani, pale pale mbele ya madhabahu, na mdomo wake usio na meno ya mbele. Isidore akaijua kabla ya pumzi ya pili. Haikuwa na jina. Aliitunga siku moja kwenye mazoezi, mwimbaji akiwa hajapata hata maneno yake, na bendi ikafa kabla ya kuipeleka baa hata mara moja. Clarisse mwenyewe haijui. Mzee aliishika vizuri mwanzo, hatua kwa hatua, kama mtu aliyeitembea miaka mingi, kisha akafika mahali fulani akapotea. Akarudi mwanzo. Akapotea tena pale pale. Akabaki amesimama, anatafuta, macho yamejaa maji, na kanisa zima linamngoja.

Isidore angeweza kumwacha akwame. Alistahili, na Isidore alitaka. Alisimama na karatasi yake ya makosa mkononi, akihesabu sijui nini, mpaka Fanny akainua uso kumwangalia.

Akaenda kwenye kile kiti, akamshika mzee kiwiko ili asianguke, akainama sikioni mwake.

"Pale inashuka, Baba," akasema. "Haipande. Sikiliza."